Mwanamuziki Anapokuwa Mwalimu: Mambo ya Kujua Kabla ya Somo la Kwanza

Jumapili asubuhi, katika makanisa ya Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha, anayecheza kinanda mbele ya waumini mara nyingi ndiye yule aliyetumbuiza harusini siku iliyotangulia. Jumanne jioni huenda mtu yuyo huyo akapatikana sebuleni mwa familia moja mtaani Milimani, Section 58 au Kiamunyi, akimwonyesha mtoto wa miaka tisa mahali pa kuweka kidole gumba. Wanamuziki wengi hujikimu kwa kuunganisha kazi hizo tatu: shoo, kanisa na masomo.

Kazi ya tatu ndiyo isiyozungumziwa sana. Huanza kwa mazungumzo ya dakika mbili nje ya kanisa au kwa ujumbe wa simu, bila kuandikiana chochote. Mambo yakienda vizuri, mtoto hupata ujuzi wa maisha na mwanamuziki hupata kipato cha kutegemea katikati ya wiki. Yakienda mrama, mzazi hupoteza pesa, mwanamuziki hupoteza jina, na katika hali mbaya zaidi mtoto huumia. Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanyika, haki na wajibu wa kila upande, na sehemu ya serikali ya kaunti katika jambo hili.

KWA NINI MASOMO YA MUZIKI YANATAFUTWA ZAIDI

Sababu ya kwanza ni mtaala wa umilisi. Muziki sasa ni sehemu ya somo la sanaa bunifu katika shule za msingi, na wazazi wengi wanakumbuka siku walipoagizwa kununua filimbi ya plastiki, yaani rikoda. Katika sekondari msingi, muziki umeunganishwa na sanaa ya uchoraji na michezo. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu, ambako mojawapo ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto anayetaka kufuata njia hiyo kwa upande wa muziki anahitaji msingi, na si kila shule ina mwalimu aliyesomea muziki.

Sababu ya pili ni Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano ambayo historia yake inaanzia mwaka 1927. Muhula wa pili unapokaribia, shule nyingi huwaita wanamuziki kutoka nje ili wafunze kwaya, ngoma za kitamaduni na wapigaji ala.

Sababu ya tatu ni maisha ya wanamuziki wenyewe. Harusi hujaa Desemba na Agosti. Wikendi ya Safari Rally huleta kazi katika hoteli za Naivasha. Kisha hufuata wiki ambazo simu hailii. Mwanafunzi anayekuja kila Jumanne na Alhamisi ndiye anayelipa kodi ya nyumba miezi hiyo.

UFUNDI ULIORITHISHWA KWA MACHO NA MASIKIO

Mwanamuziki kumfundisha mtoto si jambo geni katika Bonde la Ufa. Kijana aliyetaka kupiga chepkong'o, ala ya nyuzi ya Wakalenjin, aliketi karibu na mzee anayeipiga, akatazama vidole vyake, akasikiliza, kisha akajaribu. Kodiani ya mwomboko ilijifunzwa hivyo hivyo, na gitaa la omutibo, mtindo uliopata umaarufu kupitia kwa George Mukabi katika miaka ya 1950, lilipita mkono kwa mkono kutoka kwa mpigaji hadi kwa mpwa au jirani. Katika kaunti jirani ya Kericho, ambako kampuni ya Chandarana ilirekodi bendi nyingi, vijana walijifunza kwa kuwafuata watu wa bendi hadi wakaaminiwa kushika gitaa la pili. Makanisa nayo yamekuwa shule: kwaya zimefunza sauti nne kwa mfumo wa do, re, mi, na Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921, limefunza vijana tarumbeta na ngoma bila kudai karo ya muziki.

Baadaye zilikuja taasisi. Chuo cha Muziki cha Kenya kilianzishwa Nairobi mwaka 1944 na kinajulikana kwa jina la Conservatoire. Humu kaunti, Chuo Kikuu cha Kabarak kina kitivo cha muziki na vyombo vya habari, na baadhi ya vijana wanaofundisha watoto mitaani ni wanafunzi au wahitimu wa vyuo vya namna hiyo.

Mifano miwili ya nje ya kaunti inaonyesha mpango mzuri unavyoweza kuzaa matunda. Mtaani Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 umewafunza watoto wa familia za kipato cha chini kupiga ala za okestra, na baadhi ya waliokuwa wanafunzi sasa ndio wanaowafunza wadogo zao. Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifunguliwa mwaka 2002, na wanamuziki wa taarab wanaopanda jukwaani ndio wanaoingia darasani kufunza udi, kanuni na fidla. Hata hivyo, mwaka 2019 chuo hicho kilikuwa katika hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Mifano yote miwili inafundisha jambo moja: mwanamuziki anaweza kuwa mwalimu bora, lakini kazi hiyo haisimami kwa mapenzi ya muziki pekee. Inahitaji mpangilio, usimamizi na malipo.

MPIGAJI HODARI SI LAZIMA AWE MWALIMU HODARI

Mzazi humchagua mwalimu kwa kumwona akitumbuiza. Huo ni mwanzo mzuri, ila hautoshi. Kupiga gitaa kwa ustadi ni jambo moja, na kumweleza mtoto kwa nini uzi unakwaruza badala ya kulia ni jambo jingine. Njia rahisi ya kujua ni kuomba somo moja la majaribio na kuketi humo chumbani.

Katika somo hilo, mzazi atazame ni nani anayepiga zaidi. Ikiwa mwalimu anapiga nusu saa nzima na mtoto anatazama, hiyo ni shoo. Mwalimu anayejua kazi huonyesha kidogo, humwacha mtoto ajaribu, hurekebisha kosa moja kwa wakati, na humaliza kwa kumpa zoezi dogo la kufanya nyumbani. Mtoto wa miaka sita hadi tisa hutosheka na nusu saa kwa somo. Nyumbani, dakika 10 au 15 kila siku humfaa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu vidole hujifunza kwa kurudiarudia.

Mzazi aulize pia mtoto atafundishwa kwa njia gani: kwa kusikiliza, kwa do re mi, au kwa kusoma noti. Njia zote ni halali, na wanamuziki wakubwa wa Kenya wametokana na kila moja. Lakini mtoto anayelenga muziki wa sekondari pevu lazima ajue kusoma na kuandika noti, na wapo wapigaji hodari wasiozisoma. Ni heri jambo hilo lijulikane mapema.

Kuna pia mitihani ya hatua, kama ile ya bodi ya ABRSM ya Uingereza inayofanywa humu nchini kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 8. Gredi hizo hazihusiani na gredi za shule. Mtoto wa Gredi ya 5 shuleni anaweza kuwa Gredi ya 1 katika kinanda, na hilo si kosa. Mitihani hiyo ina ada, si ya lazima, na mwalimu asimshurutishe mzazi kuilipia.

ALA YA KUANZIA

Familia nyingi hununua ala kwanza na kutafuta mwalimu baadaye. Mpangilio bora ni kinyume cha huo. Rikoda ni mfano mzuri. Kuna aina mbili zinazouzwa madukani, moja ya Kijerumani na nyingine ya baroki, na kwa macho zinafanana. Tofauti iko kwenye matundu: ukihesabu ya mbele kutoka juu, katika rikoda ya baroki tundu la nne ni dogo kuliko la tano, katika ya Kijerumani, la tano ndilo dogo. Namna ya kuziba matundu kwa baadhi ya sauti hutofautiana, kwa hiyo mtoto mwenye rikoda tofauti na ya wenzake atatoa sauti isiyolingana na ya darasa hata akifuata maagizo yote. Kabla ya kununua, mwalimu aulizwe ni ipi inayotumika.

Kwa gitaa, mtoto wa shule ya msingi anahitaji lenye umbo dogo, na nyuzi za nailoni haziumizi vidole kama za chuma. Kwa kinanda, chenye vibonye 61 kinatosha kuanzia. Mtoto anayejifunza dramu aanze na ubao wa mpira wa mazoezi, na anapofikia dramu kamili avae kinga ya masikio. Masikio yakiharibika hayaponi.

USALAMA WA MTOTO HAUNA MJADALA

Somo la muziki mara nyingi ni la mtu mmoja na mtoto mmoja, ndani ya chumba, na mwalimu hulazimika kumwelekeza mtoto mikono, mabega na namna ya kupumua. Kwa sababu hiyo masharti lazima yawekwe wazi, hata kama mwalimu ni mtu wa kanisa moja na familia. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatilia nguvu haki hiyo.

Somo lifanyike mahali panapoonekana, mlango ukiwa wazi, mtu mzima mwingine akiwa karibu. Mwalimu aeleze kabla ya kugusa mkono wa mtoto na aombe ruhusa. Mawasiliano ya simu yapitie kwa mzazi, si kwa mtoto usiku. Mzazi ana haki ya kuomba cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) baada ya kuombwa kupitia eCitizen, na mwalimu mwaminifu hatachukulia ombi hilo kuwa tusi. Kwa mwanamuziki anayetaka kazi shuleni, kuwa na cheti hicho tayari ni faida.

Jambo jingine linahusu vipaji vinavyochomoza mapema. Mwanamuziki huweza kuona mwanafunzi wake wa miaka 15 yuko tayari kupanda jukwaani, akataka kumpeleka kwenye shoo ya Ijumaa usiku. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inakonywewa, hata kama anakuja na gitaa. Kipaji hicho kipelekwe kwenye tamasha la shule, kanisani, harusini mchana au katika sherehe za umma, mzazi akijua na akiwepo.

Anayeshuku kuwa mtoto anadhulumiwa apige 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto inayofanya kazi saa 24, au aende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo au kituo cha polisi kilicho karibu.

MALIPO NA MAKUBALIANO

Migogoro mingi kati ya wazazi na walimu wa muziki hutokana na mambo ambayo hayakusemwa. Je, somo likiahirishwa kwa sababu mtoto ana homa, linalipiwa? Na mwalimu akipata shoo ya ghafla Nairobi siku ya somo? Nauli ya kutoka Lanet hadi Njoro ni ya nani? Kitabu na nyuzi mpya za gitaa zinanunuliwa na nani?

Ukurasa mmoja wa karatasi unatosha kuyajibu. Uandike siku na muda wa somo, kiasi cha malipo na siku ya kulipa, notisi ya kuahirisha, na namna ya kusitisha masomo. Kila upande ubaki na nakala. Malipo yakifanywa kwa M-Pesa, kumbukumbu hubaki kwa pande zote mbili. Mwanamuziki naye aseme mapema ni wikendi zipi hatapatikana. Mzazi hatalalamikia Desemba aliyoarifiwa mwezi Septemba.

Kwa shule, tahadhari ni kubwa zaidi. Mtu anayeajiriwa kuwa mwalimu wa darasani lazima awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mwanamuziki anayeitwa kufunza kwaya au ngoma huja kama mkufunzi, na inafaa mwalimu wa shule awepo wakati wote wa mazoezi. Makubaliano yaandikwe kabla ya zoezi la kwanza. Ahadi ya kwamba mkufunzi atalipwa watoto wakifika kitaifa si makubaliano ya haki, kwa sababu matokeo ya mashindano hayako mikononi mwake, ilhali saa alizofanya kazi zinajulikana.

Lipo pia suala la nyimbo mpya. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, mtu akiagizwa kutunga kazi na kulipwa, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wawe wamekubaliana vingine. Mwanamuziki anayetungiwa shairi la mada na shule ili alitie sauti kwa ajili ya tamasha anaweza kujikuta hana haki juu ya wimbo wake mwenyewe. Sentensi moja kwenye makubaliano, ikisema hakimiliki inabaki kwa mtunzi na shule ina ruhusa ya kuuimba, huondoa tatizo hilo.

MAJIRANI NA KELELE

Mazoezi yana sauti, na katika mitaa ya nyumba zinazopakana ukuta, sauti huleta malalamiko. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba katika maeneo ya makazi wakati wa mchana na 35 usiku. Mchana unahesabiwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Dramu na spika huvuka viwango hivyo kwa urahisi. Mwalimu anayefundisha nyumbani afunge masomo kabla ya saa mbili, atumie vinanda vyenye vipokea sauti vya masikioni, na azungumze na majirani na mwenye nyumba kabla ya kuanza. Ukumbi wa kanisa au wa jamii mara nyingi ni suluhisho bora.

KAUNTI INAFANYA NINI

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Elimu ya shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo kaunti haiajiri walimu wa muziki wa shule hizo wala haipangi mtaala. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya mafunzo ya ufundi vya mashinani, shughuli za kitamaduni, burudani ya umma, na udhibiti wa kelele na usumbufu mwingine kwa umma.

Mgawanyo huo unamhusu mwanamuziki moja kwa moja. Anayefungua chumba cha kufundishia kama biashara anahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Anayetaka kufunza nyimbo na ngoma katika chekechea ya umma azungumze na afisa wa elimu ya chekechea wa wadi, si na mwalimu mmoja pekee. Na anayefunza chepkong'o, mwomboko au ngoma nyingine ya jamii ajue kwamba Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 imezipa kaunti jukumu la kusajili na kuhifadhi urithi huo. Wazee wanaojua ala na nyimbo ambazo hazijarekodiwa wanahimizwa kufika katika idara inayoshughulikia utamaduni, au kuanzia kwa msimamizi wa wadi yao. Kila mojawapo ya wadi 55 za Kaunti ya Nakuru ina ofisi hiyo.

KABLA YA SOMO LA KWANZA

Mzazi anayejiandaa kumlipa mwalimu wa muziki ajibu maswali haya:

1. Je, nimemwona akimfundisha mtoto, au nimemwona akitumbuiza tu?
2. Je, mtoto atajifunza kusoma noti, na je, anazihitaji?
3. Somo litafanyika wapi, na ni mtu mzima yupi mwingine atakuwepo?
4. Je, nimeona kitambulisho na cheti cha maadili mema?
5. Je, malipo, siku za kuahirisha na njia ya kusitisha masomo vimeandikwa?
6. Je, tumemuuliza mwalimu kabla ya kununua ala?

Mwanamuziki naye ajiulize kama yuko tayari kufika kila Jumanne saa kumi, hata wiki ambayo shoo ya Jumatatu iliisha usiku wa manane. Mtoto aliyeketi na rikoda yake akingoja mlango ubishwe hajui habari za shoo hiyo. Anachojua ni kwamba aliambiwa mwalimu anakuja.